Nani Afunge Uzazi: Uchambuzi wa Kisa cha Mume na Mke wa Igombe, Mwanza

Kisa hiki kimeunganishwa kutoka katika mashauri ya familia kadhaa za ukanda wa ziwa zilizofika kutafuta ushauri wa uzazi wa mpango. Umri, kazi na mfuatano wa matukio vimebadilishwa ili asijulikane mtu. Nitawaita Baba Kulwa na Mama Kulwa, kwa kuwa wamo mapacha katika familia hii, na Usukumani mapacha huitwa Kulwa na Doto hata kabla ya kufikiriwa jina la ubatizo. Nakiandika kwa ajili ya watoa huduma wenzangu na kwa wanandoa wanaofikiria kufunga uzazi, kwa sababu kinagusa swali ambalo tunaliuliza kwa haraka mno: huyu aliyekaa mbele yangu, yeye binafsi, anaitaka njia isiyorudi nyuma kwa sababu gani?

Taarifa za awali

Mama Kulwa ana miaka 34. Amejifungua mara nne na ana watoto watano, wote hai: wawili wa mwanzo kwa njia ya kawaida, mapacha kwa upasuaji, na Shija, aliyewafuata mapacha, kwa upasuaji wa pili. Mimba ya Shija ilimpandisha presha kuanzia mwezi wa saba. Alilazwa, na madaktari wakaamua kumzalisha kabla ya wakati kwa kuhofia kifafa cha mimba. Walipofika kwetu Shija alikuwa na miezi minane, na presha ya mama ilikuwa bado 150 kwa 95, licha ya dawa ambazo alikiri kuzimeza siku anapozikumbuka. Baada ya mapacha aliwahi kuweka kijiti akakitoa kwa sababu ya damu ya matone isiyokatika. Sindano ya miezi mitatu nayo ilimshinda, kwa kuwa tarehe zake zilimkuta safarini. Kazi yake ni dagaa: hununua pale Igombe, huanika, kisha hupeleka soko la mwaloni Kirumba.

Baba Kulwa ana miaka 41 na ni mvuvi wa dagaa katika kambi ya kisiwa kimoja wilayani Ukerewe. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukishakuwa mkubwa taa haiwavuti tena, na wavuvi hurudi nyumbani kupumzika hadi giza lirudi. Miadi yote ya kisa hiki kwa hiyo ilipangwa kwa kutazama mwezi, na nadhani kliniki inayompangia mvuvi wa dagaa tarehe bila kuuliza habari za mbalamwezi inajipangia yenyewe kumkosa.

Siku ya kwanza waliingia pamoja, na kabla sijauliza chochote mume alisema, “Nesi, sisi tumeshamaliza kuzaa. Nitafunga mimi. Mama watoto ameshachanwa tumbo mara mbili, inatosha.” Kauli kama hiyo hatuisikii kila siku. Wanaume waliofunga uzazi nchini mwetu hawafiki hata asilimia moja ya watumiaji katika ndoa, na wanawake hubeba karibu mzigo wote wa uzazi wa mpango, wengi wao kwa vijiti na sindano. Mwenzangu aliyekuwa chumbani alishaanza kutafuta fomu ya ridhaa.

Kwa upande wa mwili

Ukilitazama jambo hili kwa jicho la tabibu peke yake, mume alikuwa amesema sawa. Kumfunga mwanamume uzazi ni kazi ya dakika chache inayofanyika kwa ganzi ya sehemu: mtaalamu hutoboa tundu dogo kwenye ngozi ya mfuko wa korodani, huvuta nje mirija miwili inayopitisha mbegu, huikata na kuifunga, na mara nyingi hahitaji hata kushona. Mbinu hiyo ya kutoboa bila kisu ilibuniwa China mwaka 1974 na daktari Li Shunqiang, na kwa mwanamume wa kanda yetu haipaswi kuonekana ngeni sana, kwa kuwa maelfu ya Wasukuma wametahiriwa ukubwani kwa ganzi ya namna hiyohiyo tangu kampeni za tohara zilipoanza. Baba Kulwa mwenyewe alitahiriwa akiwa na watoto wawili.

Hofu yake ilikuwa nyingine, na aliitaja kwa sauti ya chini huku akimtazama mkewe kwa pembeni: je, hatageuka maksai? Swali hilo halipaswi kuchekwa. Mtu aliyekulia kwenye ng'ombe amemwona fahali akihasiwa, na ameona jinsi anavyopoa baada ya hapo na kukubali jembe. Nilimweleza kwamba kuhasi ni kuziharibu korodani zenyewe, na korodani ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume. Kufunga uzazi hakuzigusi. Homoni inaendelea kupita katika damu kama kawaida, hamu na nguvu hubaki, na shahawa hutoka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kutofautisha, ila ndani yake hamna mbegu. Nilirudia maelezo haya mara mbili na kumchorea, kwa sababu mchoro wa mirija hubaki kichwani kuliko maneno.

Jambo ambalo wanaume wengi hawalijui ni kwamba kinga haianzi siku ileile. Mbegu zilizokwisha kuvuka mahali palipokatwa huendelea kutoka kwa muda, kwa hiyo wenza hutumia kondomu au njia nyingine kwa miezi mitatu, na baada ya hapo shahawa hupimwa. Pasipo kupima, wanawake 2 hadi 3 kati ya 100 hupata mimba katika mwaka wa kwanza baada ya wenza wao kufungwa. Kipimo kikithibitisha kwamba mbegu hazipo, ni chini ya mmoja. Kuna pia siku mbili za kupumzika na takriban wiki moja ya kutovuta nyavu wala kubeba mizigo, na kidonda kisiingie maji ya ziwa hadi kifunge. Kwa mvuvi wa dagaa, wiki hiyo inaingia vizuri ndani ya mbalamwezi.

Kumfunga mama kulikuwa na ugumu wake. Upasuaji mdogo wa kufunga mirija, ambao tundu lake chini ya kitovu karibu na kinena ni la sentimita 2 hadi 5, kwa kawaida nao hufanyika kwa ganzi ya sehemu na mwanamke hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Lakini tumbo lililokwisha kufunguliwa mara mbili huweza kuwa na makovu yanayoshikamanisha kizazi na utumbo au kibofu, na mirija huwa migumu kufikiwa. Presha isiyotulia huongeza hatari ya ganzi na ya upasuaji wenyewe. Hakuna kati ya hayo kinachomnyima mwanamke huduma. Yanadai tu afanyiwe katika hospitali yenye chumba cha upasuaji kilichokamilika na mtaalamu wa usingizi, presha ikiwa imeshuka. Nafasi nzuri zaidi ilikuwa siku ya kuzaliwa Shija, tumbo likiwa tayari wazi, lakini katika dharura ile hakuna aliyezungumza naye mapema, na ridhaa ya kufunga uzazi haichukuliwi kwa mama anayekimbizwa chumba cha upasuaji akiwa na presha ya kutisha. Mazungumzo hayo yalipaswa kufanyika kliniki ya wajawazito, mimba ikiwa bado changa.

Faragha

Utaratibu wetu ni kuzungumza na wenza pamoja, kisha na kila mmoja peke yake, hata pale wanapoonekana kukubaliana kwa kila kitu. Wengine huuona kama kutia fitina ndani ya nyumba za watu. Kisa hiki ndicho jibu langu kwao.

Nilimuuliza Baba Kulwa maswali ambayo huwauliza wote. Kama mtoto mmoja akifariki, Mungu aepushe, ungetaka mwingine? Kama mama watoto akitangulia? Kama ndoa ikivunjika? Kwa swali la kwanza alitikisa kichwa. Kwa la pili alikaa kimya, kisha akasema kwamba kule kisiwani kuna mwanamke anayempikia kambini, kwamba mambo yamekwisha kuwa zaidi ya kupika, na kwamba ukoo wake hautashangaa akimleta siku moja kama mke wa pili. Mwanamke huyo hana mtoto. “Yule naye atataka,” alisema.

Hapo ndipo sura ya shauri ilipobadilika. Baba Kulwa alikuwa amemaliza kuzaa na Mama Kulwa. Kuzaa kwenyewe alikuwa hajamaliza. Njia ya kudumu huingia ndani ya mwili wa mtu mmoja na kufuatana naye kokote aendako, katika ndoa hii, katika ijayo, au katika ujane. Haifungwi kwenye cheti cha ndoa. Upasuaji wa kuunganisha tena mirija upo, lakini ni mgumu, ni ghali, haupatikani kwa urahisi, na hauahidi mtoto. Mwanamume aliyesema ndiyo kwa moyo mwema kwa sababu anamhurumia mkewe, huku akiwa na mipango ya mtoto mahali pengine, ni mtu atakayejuta, na majuto yake yatarudi nyumbani Igombe kumlaumu huyohuyo aliyehurumiwa.

Siri hiyo haikuwa yangu kuitoa. Mke alikuwa chumba cha pili akisubiri, na alikuwa na haki ya kulindwa, lakini mtoa huduma anayetoboa faragha ya mteja mmoja amefunga mlango kwa wote watakaokuja baada yake. Nilifanya yaliyokuwa ndani ya uwezo wangu. Nilimwambia mume waziwazi kwamba kwa majibu yale simshauri afunge, na kwamba kubadili nia hakumpotezei huduma nyingine yoyote. Nilimhimiza azungumze na mkewe mwenyewe, nikampa kondomu, na nikamweleza bila kupamba kwamba kufunga uzazi hakuzuii maambukizi ya virusi vya UKIMWI wala kaswende. Wenza wote huwa tunawapa nafasi ya kupima maambukizi hayo. Walipima wote wawili, na majibu yalikuwa mazuri.

Mama Kulwa, alipoingia peke yake, alijibu maswali yaleyale kwa haraka iliyonishangaza. Mtoto akifariki? Atalia, lakini hatazaa mwingine. Mume akifariki, akaolewa tena? “Huyo atakayenioa ataoa mtu aliyemaliza.” Aliisimulia wodi aliyolazwa: kitanda cha pembeni kulikuwa na mama aliyepata kifafa usiku, na asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Hakutaja neno kifo hata mara moja.

Nilimweleza njia zote kwa ukamilifu, pamoja na zile zisizo za kudumu, kwa kuwa kuzifahamu ni sharti la kwanza la ridhaa. Kwa presha yake vidonge vyenye homoni mbili havikufaa. Kijiti kilikuwa salama kwa presha, lakini alikikataa kwa sababu ya ile damu. Kitanzi cha shaba, ambacho wengi mtaani bado hukiita lupu, hakina homoni, hakigusi presha, na hufanya kazi kwa miaka 10 hadi 12; kwa umri wake kingeweza kumfikisha karibu na kukoma hedhi. Alikubali kiwekwe siku hiyohiyo, “wakati tunafikiria”, na kwangu hilo lilikuwa uamuzi wa maana kuliko yote ya siku ile, kwa sababu mwanamke mwenye historia kama yake hapaswi kukaa hata mwezi mmoja bila kinga huku wakubwa wakijadiliana.

Walipoondoka, mume alimwambia mbele yangu kwamba anahitaji muda. Mke alimtazama kwa muda, akasema, “Sawa, baba Kulwa.” Ni mengine yapi waliyoambiana nyumbani, hayakunihusu na sikuyauliza.

Sababu ya Mama Kulwa

Baada ya miezi mitano alirudi, peke yake, presha ikiwa 130 kwa 85 kwa sababu sasa alizimeza dawa kila siku. Kitanzi kilikuwa kimekaa vizuri. Hedhi iliongezeka kidogo miezi miwili ya mwanzo, kisha ikatulia. Alitaka kufungwa.

Nakiri kwamba mwanzoni sikuelewa haraka ile. Alikuwa tayari ana njia inayozuia mimba kwa kiwango kinachokaribia sana kile cha kufunga mirija, bila kisu, na ambayo angeweza kukaa nayo hadi miaka 46. Kwa mwanamke mwenye makovu mawili tumboni, hesabu ya kitabibu ilielekea upande wa kitanzi, na nilimwambia hivyo. Bado naamini kwamba ushauri huo ulikuwa sahihi kwa kadiri ya hatari za upasuaji. Jibu lake ndilo lililonifanya niandike kisa hiki.

Alisema mama mkwe amekwisha kuuliza mara tatu ni lini Shija atapata mdogo wake. Kwa wazee wa Usukumani watoto watano si wengi, na mama mkwe ana kumbukumbu nzuri ya hotuba ya Septemba 2018 huko Meatu, mkoani Simiyu, ambako Rais John Magufuli aliwaita wavivu wale wanaopanga uzazi kwa kuhofia kulisha watoto. Mume naye ni mpole, na watu wapole hushawishika. “Nesi, kitanzi kinatoka kwa dakika mbili,” alisema. “Watanikalisha kikao, watalia, nitakuja hapa mwenyewe kuwaambia mkitoe. Nikishafungwa, hawana cha kunishawishi.”

Katika mafunzo yetu tunaitaja hali ya kutorudi nyuma kama tahadhari: tunaisoma kwa sauti, tunahakikisha mteja ameisikia, tunamwambia akatafakari. Kwa mumewe ilikuwa tahadhari kweli, tena kizuizi. Kwa Mama Kulwa hiyo ndiyo dawa yenyewe aliyoifuata. Anajifahamu kwamba hataweza kukataa kila mwaka kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo anataka kukataa mara moja. Naona uamuzi wa namna hiyo una akili kuliko maamuzi mengi ninayoyashuhudia, na anayeupinga kwa hoja ya “huenda akabadili mawazo” hajasikiliza. Kubadilishwa mawazo ndiko anakojikinga nako.

Hilo halimaanishi kwamba kila anayelemewa na wakwe akimbilie kisu. Nilimpima kwa swali la kinyume: kama mama mkwe asingekuwepo, na mume angeahidi kutolitaja tena, angetaka nini? Alifikiri, akajibu kwamba angetaka kufungwa vilevile, ila asingekuwa na haraka. Mtu anayefunga uzazi kwa shinikizo la kutoroka, asiye na nia yake mwenyewe, angejibu vingine. Umri wake pia ulimtetea. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake waliofunga mirija kwa hadi miaka 14 ulionyesha kwamba waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini ya hapo walijuta kwa kiwango cha takriban asilimia 20, na waliokuwa wamevuka 30 kwa takriban asilimia 6.

Ridhaa na upasuaji

Fomu ya ridhaa ilisainiwa na yeye mwenyewe, baada ya kueleza kwa maneno yake kwamba huu ni upasuaji, kwamba una faida na hatari, kwamba hatazaa tena na asitegemee kurudishwa, kwamba zipo njia za muda, kwamba haumkingi na magonjwa ya zinaa, na kwamba anaweza kukataa hata akiwa juu ya kitanda cha upasuaji. Mteja akiyasoma tu na kuitikia, hatujapata ridhaa. Akiyasimulia kwa lugha yake, tumeipata. Saini ya mume haikuhitajika, na napenda kulisema hili kwa uwazi kwa sababu bado wako watoa huduma wanaoidai kwa mazoea: mtu mzima mwenye akili timamu hutoa ridhaa juu ya mwili wake mwenyewe. Hata hivyo tulimshauri amwambie mumewe, na alimwambia.

Rufaa tuliielekeza hospitali ya serikali, ambako huduma za uzazi wa mpango hutolewa bila malipo. Familia nyingi za Mwanza huanza kwa kuuliza hospitali za kanisa zilizo karibu nazo, halafu hushangaa kuambiwa hapana. Hospitali za Kanisa Katoliki hazifungi uzazi kwa nia ya kuzuia mimba, kwa kufuata mafundisho yaliyothibitishwa na waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968. Ni vizuri kulijua hilo kabla ya kulipa nauli.

Upasuaji ulichukua muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa mrija wa kushoto ulikuwa umeshikamana na kovu, jambo ambalo daktari alilitarajia na ndiyo sababu mtaalamu wa usingizi alikuwepo. Kitanzi kiliachwa hadi hedhi iliyofuata ndipo kikatolewa, ili kusiwe na nafasi ya mimba iliyotungwa siku chache kabla ya kufungwa. Aliambiwa kwamba kinga ya mirija huanza mara moja, kwamba hata hivyo mimba hutokea kwa wanawake wapatao 5 kati ya 1,000 katika mwaka wa kwanza na karibu 2 kati ya 100 ndani ya miaka 10, na kwamba ikitokea, huweza kutunga nje ya kizazi. Akikosa hedhi, akapata maumivu makali ya tumbo upande mmoja au kizunguzungu, aende hospitali siku hiyohiyo na ataje kwamba amefungwa. Aliuliza kama damu ya hedhi itakusanyika tumboni. Hapana, hedhi hutoka kwenye kizazi, ambacho hakijaguswa, na itaendelea kama kawaida.

Baba Kulwa ndiye aliyemleta kuangaliwa kidonda baada ya siku saba, kwa kuwa mwezi ulikuwa mkubwa. Wiki hiyo yeye ndiye aliyebeba ndoo za maji na kugeuza dagaa kwenye vichanja, kazi ambayo wavuvi wengi huiona ya wanawake. Aliomba kondomu nyingine bila kuambiwa. Kwenye faili la mkewe, katika nafasi ya sababu ya kuchagua njia, ambako kwa kawaida tunaandika “amekamilisha idadi ya watoto”, niliandika pia maneno yake mwenyewe kuhusu kikao na kushawishiwa. Kliniki yake ya presha inaendelea kila mwezi, maana kufunga mirija hakukuitibu presha, na ugonjwa huo ndio utakaomfuata mama huyu kwa miaka iliyobaki.